Motokaa ya Baba na Upepo wa Dodoma

Nadhani kila mmoja wetu ana jambo alilolijua akalinyamazia, kisha akajuta. Langu mimi ni hili la motokaa ya baba, nami naliandika katika gazeti letu la muhula huu kwa ruhusa yake mwenyewe. Nilipomwomba ruhusa alicheka, akasema, "Andika, mwanangu, lakini uandike yote, hata yale ya upepo."

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kondoa kwa muda wa miaka 34, na muda wote huo chombo chake cha safari kilikuwa baiskeli. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, sehemu moja aliezekea nyumba upya, sehemu ya pili akaiweka benki kwa ajili ya masomo yetu, na sehemu iliyobaki akanunua motokaa. Haikuwa mpya ya kiwandani. Ilikuwa imetumika Japani miaka mingi, ikavuka bahari kwa meli hata Dar es Salaam, kama zilivyo nyingi tunazoziona katika barabara zetu. Lakini kwetu sisi ilikuwa mpya kabisa. Mama aliifuta vumbi kwa kanga yake, na mdogo wangu akawakataza watoto wa shangazi wasiiguse.

Baba aliinunua Dodoma mjini, kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Wala hakununua kwa pupa. Aliizungusha katika mitaa, akapita juu ya matuta, akasimama penye taa, akairudisha nyuma, akajaribu breki na honi. Kila kitu kilikuwa sawa, naye akalipa. Siku mbili baadaye shule yetu ilifungwa, na ndipo alipokuja hapa Msalato kunichukua, pamoja na mama na mdogo wangu, ili twende nyumbani Kondoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake ya kwanza ya mbali.

Sitaficha kwamba siku ile nilijisikia mtu mkubwa. Miaka yote nilikuwa nikilibeba tranka langu mpaka kituoni kungoja basi, na leo tranka lile lile linaingia katika buti la motokaa yetu wenyewe! Wenzangu walinipungia mikono, nami nikawapungia kwa madaha kidogo.

Barabara ya kwenda Kondoa hupita hapa hapa mlangoni petu. Ni ile barabara ndefu iendayo Babati na Arusha, na lami yake kutoka Dodoma hata Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Zamani, ilipokuwa ya vumbi na mashimo, motokaa ilikwenda polepole tu, ipende isipende. Siku hizi imenyooka, na dereva huvutwa na mwendo bila kujua.

Tulipita Veyula na Makutupora, penye mashamba ya zabibu, na kwa kuwa vijijini hairuhusiwi kupita kilometa 50 kwa saa, tulikwenda taratibu huku tukizungumza. Vijiji vilipokwisha, baba aliongeza mwendo. Mshale ulipofika 80, niliona usukani unacheza kidogo mikononi mwake. Ulipofika 90, ulikuwa ukitetemeka kama mgonjwa wa homa. Kiti changu kilitetemeka, na chupa ya maji iliyokuwa mbele ikaanza kugongagonga.

Mama aliuliza, "Baba Asha, kuna nini?"

Baba alijibu, "Ni upepo. Hujui upepo wa Dodoma mwezi wa Juni?"

Na kweli upepo ulikuwapo. Sote tunaujua: huvuma kutwa nzima, ukapeperusha vumbi uwanjani na nguo kwenye kamba. Kando ya barabara majani makavu yalikuwa yamelala upande mmoja. Basi mama alinyamaza, akakishika kishikio cha mlango.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya baba, katikati kidogo, nikiutazama mshale. Tulipoingia katika kijiji kingine baba alipunguza mwendo hata 50, na usukani ukatulia kabisa. Nikatazama nje: miti bado imeinama, na kanga za wanawake waliokuwa wakipita zinavuma kama bendera. Upepo ulikuwa ule ule. Tulipotoka kijijini mwendo ukapanda, na ulipofika 85 hivi mtetemo ukarudi. Jambo hilo nililihesabu mara tatu. Moyoni nikajua ya kuwa upepo hauna kosa. Kosa limo ndani ya motokaa.

Mbona sikusema? Ndugu msomaji, jiweke mahali pangu. Mtoto ataanzaje kumwambia baba yake kwamba kitu alichokitolea jasho la miaka 34 kina ila, tena siku ya kwanza, mbele ya mama? Niliitazama mikono yake ilivyoukaza usukani, mishipa imetoka. Nikafahamu kwamba hata yeye anajua. Basi sote tukawa tunajua, na sote tukawa tunasema upepo.

Tulipita Mayamaya. Mbele yake, kabla hatujafika Chemba, kuna mahali barabara iliteremka, na mshale ukakaribia 100. Hapo kundi la ng'ombe lilitoka vichakani, na kijana mchungaji nyuma yake akikimbia na fimbo. Upande wa pili lilikuwa likija lori kubwa. Baba alikanyaga breki. Usukani ulimpiga mikono huku na huku, ukawa kama unataka kumtoka, na motokaa ikavuta kushoto. Gurudumu moja likatoka nje ya lami, kisha la pili, changarawe zikarushwa, na tranka langu likagonga kiti kwa kishindo. Lori lilipita likipiga honi ndefu. Sisi tulisimama katika majani, hatua chache tu kutoka penye shina la mbuyu.

Hakuna aliyeumia. Mama alisema, "Alhamdulillahi," kisha hakuna aliyesema neno. Mdogo wangu ndipo alipoanza kulia.

Baba alizima mashine, akakaa kitambo mikono ingali juu ya usukani. Kisha aligeuka akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa ukiutazama ule mshale. Uliona nini?"

Nikamweleza yote: kwamba penye 50 hautetemeki, penye 85 unaanza, na upepo ni ule ule.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa, Baba. Gari ni la jasho lako."

Akatikisa kichwa. "Gari hununuliwa tena. Nyinyi siwapati dukani."

Tulikwenda njia yote iliyobaki kwa mwendo usiozidi 60. Mabasi yalitupita, malori yakatupita, na mara moja pikipiki iliyobeba magunia ya mkaa ilitupita pia. Mimi sikuona haya. Tulifika Kondoa jua limekwisha kuchwa.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye alipomwona baba alijifuta mafuta mikononi na kusema, "Shikamoo Mwalimu." Kumbe alipata kusoma darasani kwake. Alisikiliza habari yetu hata mwisho bila kugusa spana. Halafu aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulilijaribu wapi gari hili?"

"Mjini."

"Mjini kila gari ni zima," akasema.

Aliinua motokaa kwa jeki, akalishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, akalisukasuka. Tukasikia ko, ko. Alituonyesha kwamba kile kichwa cha tairodi, yaani chuma kinachounga usukani na gurudumu, kimelika na kulegea. Kisha alitelezesha kidole ndani ya rimu, akatuonyesha mahali pamoja pa mraba palipokuwa safi, pasipo vumbi gumu kama kwingine. Hapo palikuwa pamebandikwa kipande cha risasi cha kusawazisha uzito wa gurudumu, nacho kilikuwa kimebanduka. Mwisho alitusomesha tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 11. Kwa macho lilikuwa jeusi na zuri, lakini tulipolikunja kidogo kwa dole gumba tuliona nyufa nyembamba nyingi.

Nilishangaa jinsi kipande kidogo namna ile kinavyoweza kutikisa motokaa nzima, hata likizoni nikachukua daftari langu la Fizikia. Mwalimu wetu alipata kutuonyesha jiwe lililofungwa kwenye kamba: ukilizungusha polepole huvuta mkono kidogo, ukilizungusha kwa kasi huvuta sana, na kasi ikizidi mara 2, mvuto huzidi mara 4. Gurudumu letu lina upana wa sentimita 60 hivi. Katika mwendo wa kilometa 90 kwa saa, motokaa hupita meta 25 kila sekunde, na gurudumu huzunguka mara 13 hivi katika sekunde hiyo moja. Uzito wa gramu 30 tu ukizidi upande mmoja wa rimu, huvuta kama mzigo wa karibu kilo 4, juu, mbele, chini, nyuma, mara 13 kila sekunde. Lakini katika mwendo wa 45, mvuto huo ni robo yake, haufiki hata kilo 1. Ndiyo sababu mjini hatukuona kitu.

Tena kuna jambo la pili. Bembea ukiisukuma ovyo haiendi mbali, lakini ukiisukuma kila inapokurudia huzidi kupanda, ingawa nguvu zako ni ndogo. Magurudumu ya mbele pamoja na springi zake yana mtikisiko wake, na kuna mwendo mmoja ambao msukumo wa ile risasi iliyopotea hulingana nao. Hapo usukani ndipo unapotetemeka zaidi. Na kichwa cha tairodi kikiwa kimelegea, hakuna cha kuuzuia.

Fundi aliweka vichwa vipya vya tairodi pande zote mbili. Kwa kuwa hakuwa na mashine ya kusawazisha magurudumu, alimwonya baba arudi Dodoma polepole, abadilishe matairi ya mbele, yasawazishwe, na alaimenti ipimwe, maana tairodi ikiguswa magurudumu hayatazami mbele sawasawa mpaka yapimwe upya. Baba alifanya yote hayo. Ukiyaacha matairi, gharama ya kazi ile haikufika bei ya mbuzi wawili. Nilipofikiri kwamba kwa ajili ya mbuzi wawili tulikuwa karibu kuupiga mbuyu, nilipata baridi mwilini.

Basi, ninyi wazazi mnaosoma gazeti letu, mkinunua motokaa iliyotumika msitosheke na mitaa ya mjini. Mchukueni fundi mnayemwamini, aiinue na kuisukasuka. Kisha mkaijaribu katika barabara kuu iliyo wazi, asubuhi, kwa uangalifu, kabla hamjatoa fedha. Someni tarakimu za matairi, na upepo wake upimwe. Usukani ukitetemeka, punguzeni mwendo papo hapo, mwende kwa fundi siku ile ile; msiusingizie upepo.

Nanyi wanafunzi wenzangu, sisi ndio tunaokaa viti vya nyuma, na mara nyingi wa nyuma huona asiyoyaona aliyeshika usukani. Heshima kwa mzazi haikatazi kusema. Yako maneno ya adabu: "Baba, naomba nikuambie nilichokiona." Maneno hayo ningeyasema pale Makutupora, tungesimama chini ya kivuli, na mama asingepata hofu aliyoipata.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa Julai, baba alinileta kwa motokaa ile ile. Tulipovuka Mayamaya aliongeza mwendo kidogo kidogo, 70, 80, 90, na sote tuliokuwa ndani tulinyamaza tukitazama usukani. Ulikaa kimya mikononi mwake kama kitabu mezani. Nje upepo ulikuwa ukivuma kuliko ule wa Juni. Miti imeinama, na vumbi linapita barabarani kama moshi.

Baba alinitazama katika kioo, akasema, "Unaona, mwanangu? Leo upepo umetulia."

Mama ndiye aliyeanza kucheka.