Kobe wa Lubunga hali fufu

Mtoto wa miaka 11 alifika Bangboka na koko yake wakiwa na bidoni moja, sufuria mbili na kobe ndani ya gunia. Walitoka ng'ambo ya mto, komini ya Lubunga, kwa sababu ya mapigano ya Mbole na Lengola yaliyoanza mwaka 2023. Jirani aliyewapokea, si mbali na uwanja wa ndege, alimtazama kobe akauliza jambo moja tu: mtampika lini?

Hakupikwa. Mtoto alilia mpaka wakubwa wakachoka. Ili mtu asiseme kobe anakula cha nyumba, akaanza kumlisha kutoka sahani yake mwenyewe: tonge la fufu, wali ukipatikana, kipande cha mkate. Siku za kula mara moja, mtoto alilala nusu njaa. Koko aliona, akanyamaza. Baada ya miezi, gamba la kobe likalegea pembeni, ukilibonyeza kwa kidole linaingia, na miguu ya nyuma akawa anaiburuta.

Mzee mmoja wa mtaa, mwindaji wa zamani, alipoitwa aangalie alicheka kwanza. "Unamlisha kama mtu. Uliwahi kukuta jiko msituni?"

Huyu ni kobe wa msitu wa huku, yule ambaye gamba lake lina kiungo upande wa nyuma na hujifunga kama mlango. Porini anaokota vya chini: uyoga, matunda yaliyoanguka, majani, konokono, minyoo, jongoo. Fufu na mkate vinamjaza tumbo tu. Havimpi kalsiamu ya kujenga gamba, na bila jua gamba hulegea zaidi.

Basi chakula chake kikahamia nje ya nyumba, na hakigharimu hata faranga moja. Papai lililooza nusu chini ya mti. Matembele. Konokono pamoja na nyumba yake. Mama anayeuza mayai ya kuchemsha kando ya barabara humwekea mtoto maganda, naye huyasaga juu ya jiwe na kuyanyunyizia kwenye majani. Maji yanawekwa kwenye sahani pana ambayo kobe anaweza kuingia. Asubuhi anapata jua kidogo, halafu kivuli chenye unyevu, maana si kobe wa jangwani.

Wenye kobe nyumbani wasikie na hili: majani ya muhogo mabichi yana sumu, usimpe kwa kuwa eti sombe ni mboga. Lengalenga si ya kila siku, inazuia kalsiamu isiingie mwilini.

Ugomvi ulibaki kwenye uyoga. Koko alisema uyoga mzuri ni wa watu, na alikuwa na haki. Wakakubaliana: ule ulioliwa na wadudu ni wa kobe, na hakuna kinachookotwa kabla koko hajautambua.

Gamba limekuwa gumu tena, ila pembeni limebaki limejikunja. Jirani bado anauliza bei. Jioni mtoto anataka kukimbilia konokono mapema, lakini koko anakaa mlangoni, na hamruhusu kutoka mpaka aone sahani yake ya fufu imeisha.