Harufu ya Kongsfjorden

Kila Jumatatu napanda kigari cha waya kutoka kijiji cha Ny-Ålesund, visiwani Svalbard, hadi kituo cha Zeppelin, zaidi ya mita 470 juu ya bahari. Begani nina bunduki, kwa sababu ya dubu weupe. Mkobani nina vichungi vilivyofungwa kwa foili, kibano na glavu mpya. Kazi yangu ni kubadilisha vichungi, kusikiliza pampu na kuhakikisha kwamba mashine za kuhesabu chembe za hewani zinasema kweli. Huu ni msimu wangu wa sita, na kazi hii naipenda.

Jamaa zangu huuliza: kwa nini kuhesabu vumbi mahali pasipo na vumbi? Ndiyo sababu yenyewe. Kiangazi, manyunyu yakishaosha hewa, sentimita moja ya ujazo, yaani kiasi cha dadu la ludo, huweza kuwa na chembe zisizofika 100. Mjini penye magari utahesabu maelfu. Na wingu haliumbiki bila chembe. Mvuke unahitaji kitu cha kukalia ndipo uwe tone. Penye uchache huo, chembe 200 za ziada zinaweza kubadilisha weupe wa wingu na muda litakaokaa juu ya barafu.

Zinatoka wapi? Nyingine ni chumvi inayorushwa na mapovu ya mawimbi, ikibeba utando na mabaki ya viumbe kutoka uso wa maji. Nyingine huzaliwa kutokana na gesi, na hapo ndipo planktoni zinapoingia. Mwani mdogo kama Phaeocystis, ambao huuoni bila hadubini, hujiwekea ndani ya seli kemikali yenye salfa inayousaidia kustahimili chumvi na baridi. Ukiliwa, au ukiuawa na virusi, kemikali hiyo humwagika, bakteria huivunja, na gesi ya dimethili salfaidi hutoka majini. Pua inaijua. Mwezi wa Mei nikishuka gatini, kwenye fiodi ya Kongsfjorden, naisikia: si shombo ya samaki, bali harufu ya mwani uliobaki ufukweni maji yakishatoka, pamoja na kabichi iliyochemka mno.

Hewani, kwa msaada wa jua, gesi hiyo hugeuka kuwa asidi ya salfuriki na asidi ya methanisalfoniki. Molekuli hushikana, mara nyingine kwa nguvu ya amonia inayotoka kwenye vinyesi vya ndege wa baharini, na hapo huzaliwa kijichembe cha nanomita 1 au 2. Hicho hakiwezi kushika tone. Lazima kinenepe hadi nanomita 50 hivi.

Asidi ya salfuriki hutokana na moshi pia, kwa hiyo haitoshi kuwa shahidi. Ya methanisalfoniki ndiyo ninayoiamini, maana asili yake kubwa ni bahari yenye uhai. Vichungi vya Machi, moshi wa Ulaya na Asia unapojaa huku, navitoa vikiwa na rangi ya kijivu. Vya Juni navitoa vyeupe kama nilivyoviweka, na mgeni angesema pampu haikufanya kazi. Lakini maabara huikuta asidi ile humo.

Mwaka 1987 wanasayansi Charlson, Lovelock, Andreae na Warren waliandika kwamba huenda planktoni zinatuliza joto la dunia kupitia mawingu. Mwaka 2011 wenzao Quinn na Bates wakalipinga wazo hilo kwa hoja nzito. Kwa dunia nzima nawakubali hao wa pili. Kwa kiangazi cha huku karibu na ncha ya kaskazini, nilichokiona kwa macho yangu hakiniruhusu kuzipuuza planktoni.

Msimu wa kwanza niliharibu kichungi cha wiki nzima. Glavu yangu ilikuwa imegusa kifuniko cha tangi la pikipiki ya theluji, nami sikuibadilisha. Petroli ilijaa kwenye majibu, na wiki hiyo, ambayo maji ya fiodi yalikuwa yamegeuka kijani, haikurudi tena. Bado inaniuma.

Juni iliyopita nilipanda usiku, jua likiwa juu, kwa sababu pampu moja ilikuwa imesimama. Kwenye skrini ilikuwepo ile picha tunayoiita ndizi: doa jekundu chini kabisa, chembe changa zisizohesabika, kisha mkunjo unaopanda polepole saa baada ya saa kadiri zinavyonenepa. Nanomita 5, 12, 20. Nilikaa nikiitazama hadi chai ikapoa.

Nilipotoka nje, wingu lilikuwa limepanda kutoka fiodi na kuumeza waya wa kigari. Manyunyu yalitua kwenye mkono wa koti langu, madogo kuliko mbegu za mchicha, na kila tone la wingu hilo lilikuwa limeanza kwa chembe. Niliyaangalia mpaka yakaungana. Kisha nikarudi ndani, nikavaa glavu mpya, nikabadilisha kichungi.