Homa Isiyosomwa

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, amepanga chumba Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo, pamoja na wenzake wawili. Alfajiri moja, wiki ya mitihani, alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Mwili wote waniuma, baridi yanitetemesha; jana nilikuwa mzima." Nikajibu bila kusita: "Malaria hiyo. Kanunue dawa." Mimi, niliyezeeka katika tafsiri, niliitafsiri homa kabla ya kuisoma.

Jioni nilimkuta ana kikohozi kikavu, koo lamwasha, na wenzake nao wamelala hoi. Malaria huletwa na mbu, haienezwi kwa kukohoa. Tukaenda kupima damu. Hapakuwa na kimelea. Daktari akasema ni homa ya mafua: mafua ya kawaida huja polepole, hii humwangusha mtu ghafla. Hakumpa viuavijasumu, kwani haviui virusi. Apumzike, anywe maji na uji kwa wingi, ameze parasetamoli, akae mbali na darasa. Pumzi ikibana, arudi upesi.

Mwaka 2008, watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilikuwa kwa takriban mmoja katika kila kumi. Nilikuwa sijui.

Mpwa wangu alipona, ila mtihani mmoja ulimpita. Siku hizi mtu akiniambia ana homa, namwuliza kwanza ilianzaje, kisha namsihi akapime.