Miti ya Kijiji na Miaka ya Mtoto

Wako wadhanio kwamba habari za kuni na mkaa si somo la kufundishwa darasani, maana kila mtoto hujua kuwasha moto kabla hajajua kusoma. Sisi twaona sivyo. Kuwasha moto amekwisha kujua. Asilolijua ni nani akataye shauri kwamba mti huu ukatwe na ule uachwe.

Tulipoanza somo hili katika Darasa la Sita, tuliwaambia watoto wakae kama mkutano wa kijiji, wakate shauri la mkaa. Mara karibu wote wakanyosha mikono kwamba mkaa ukomeshwe kabisa, kwa kuwa huharibu misitu. Mmoja hakunyosha. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole, "Mwalimu, daftari zangu hutoka katika tanuri la baba." Darasa likanyamaza, na hapo ndipo somo lilipoanza hasa.

Basi tukawaeleza habari za Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya huko vilipatana katika mikutano yao kutenga sehemu ya msitu kwa ajili ya mkaa, na sehemu nyingine isiguswe. Sehemu ya mkaa iligawanywa viwanja vya mraba, meta 50 kila upande. Kanuni yao ilikuwa hii: kiwanja kimoja kikatwe, jirani yake kiachwe, mfano wa ubao wa dama. Visiki vising'olewe, bali viachwe vichipuke, na kiwanja kilichokatwa kipumzishwe miaka 24. Ushuru wa magunia uliingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia kujenga madarasa na zahanati.

Kisha tukawapa hesabu. Kiwanja kikikatwa mwaka huu, mwenye miaka 12 atakuwa na umri gani kitakapofaa kukatwa tena? Wakajibu, miaka 36. Tukawauliza tena: kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa nani? Ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Watoto wakatazamana. Walitambua wenyewe kwamba shauri hukatwa na wakubwa, lakini matunda yake, matamu au machungu, watayachuma wao.

Mkutano wao wa pili ulichukua vipindi viwili. Msichana mmoja alitetea chemchemi achotako maji. Mwana wa mchoma mkaa akaomba baba yake apewe kiwanja. Hawakupatana wote, lakini kila mmoja alitoa sababu yake, na wenziwe wakamsikiliza.

Kwa hiyo, wazazi, twawasihi: mrudipo mkutanoni, waelezeni watoto yaliyosemwa na sababu zake. Nanyi walimu wenzetu, msiwape jibu lililokwisha pikwa. Mtoto aliyezoea kumsikiliza mwenye tanuri pamoja na mwenye mtungi, siku atakapotimiza miaka 18, hatakwenda mkutanoni kunyosha mkono kwa kufuata wenzake tu.