Nora Apigapo Magoti

Mnamo mwaka wa 2003, kundi la Mabou Mines la New York, chini ya uelekezi wa Lee Breuer, liliiweka jukwaani tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka wa 1879 kuhusu Nora, mke anayeihama nyumba ya mumewe. Wanaume wote waliigizwa na watu wafupi mno, wasiofikia futi tano. Wanawake walikuwa warefu. Viti, vitanda na milango vilichongwa kwa kimo cha wanaume. Basi Nora, katika nyumba anayoambiwa ni yake, hana budi kuinama, kupiga magoti, hata kutambaa, ili azungumze na Torvald.

Ibsen aliificha dhuluma katika maneno matamu ya mume. Breuer aliihamishia magotini mwa mke. Hadhira haielezwi kwamba nyumba haikujengewa Nora. Inaona.

Lakini kimo cha mwigizaji si maleba yanayovuliwa pazia lishukapo. Je, ni haki umbo la mtu ligeuzwe ishara? Swali hili lingali zito, ingawa Torvald wa Mark Povinelli anamwamrisha mke anayemzidi kimo, na amri ndiyo inayomkunja Nora, si mwili.

Mwaka wa 1880, Ibsen alilazimika kuwaandikia Wajerumani mwisho mwingine, ambapo Nora haondoki. Breuer alikataa upole huo. Nora wake yuko juu, katika roshani ya jumba la opera, akiaga kwa wimbo huku akivua vazi na nywele za bandia. Torvald amebaki chini, akimwita.