Chumvi Haipandi Ndege: Kabatoro na Swali la Kiwanja Kikubwa

Katika mji mdogo wa Katwe-Kabatoro, magharibi mwa Uganda, kazi huanza kabla jua halijapanda juu ya Mfereji wa Kazinga. Wanawake hushuka kwenye majaruba yaliyochimbwa kandokando ya Ziwa Katwe na kukusanya chumvi iliyoganda kwa joto la siku zilizopita. Wanaume husimama ndani ya maji makali hadi kiunoni, wakipasua mawe ya chumvi yaliyo sakafuni mwa ziwa. Chumvi hiyo ilikuwa mali mashuhuri tangu enzi za falme za Bunyoro na Toro. Na Kapteni Lugard alipofika hapa mwaka 1891 hakukawia kujenga ngome, kwa kuwa alijua thamani ya ziwa lile. Siku hizi magunia hupakiwa kwenye malori, yakaenda Kasese, Bwera na mpakani Mpondwe, na kutoka huko yakavuka hadi Kongo.

Mara moja moja ndege ndogo hupita angani ikielekea rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ikiwa na watalii wachache. Ndege hiyo haichukui chumvi, wala haikuja kwa ajili ya chumvi. Hata hivyo inahusu sana maisha ya Kabatoro, maana kwa miaka mingi Serikali ya Uganda imekuwa ikizungumzia kukiinua kiwanja cha ndege cha Kasese kiwe cha hadhi ya kimataifa. Wananchi wa wilaya hiyo wana haki ya kuuliza: kiwanja cha namna gani, cha gharama gani, na kwa ajili ya nani? Jibu haliwezi kupatikana kwa kuitazama Kasese peke yake. Inafaa kutazama majirani nao walijenga nini, na walipata nini.

NJIA NDEFU YATOKA WAPI?

Watu wengi hupima ubora wa kiwanja cha ndege kwa urefu wa njia yake ya kurukia. Kipimo hicho kina kasoro. Kadiri mahali panavyoinuka kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ardhini kabla mabawa hayajaibeba. Kanuni inayotumiwa na wahandisi duniani ni kuongeza asilimia 7 ya urefu kwa kila mita 300 za mwinuko. Joto nalo huongeza mahitaji hayo.

Kwa sababu hiyo njia ya Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ina urefu wa mita 4,117, na ile ya Entebbe mita 3,658. Njia kuu ya Dar es Salaam, iliyo karibu na pwani, ina takriban mita 3,000, na hupokea ndege kubwa bila taabu. Kasese iko katika bonde lenye joto kali chini ya milima ya Ruwenzori, kwenye mwinuko wa karibu mita 960. Kwa mwinuko peke yake, njia yake ingehitaji kuongezwa zaidi ya sehemu ya tano ya urefu ambao ungetosha pwani. Na joto la mchana likihesabiwa, nyongeza hiyo huwa kubwa zaidi. Kila mita ya nyongeza ni lami, kokoto na saruji. Saruji hutengenezwa Hima, katika wilaya hiyo hiyo, lakini haitolewi bure.

MAJIRANI WALIVYOJENGA

Entebbe ndiyo mlango mkuu wa Uganda. Mwaka 2024 ilihudumia abiria zaidi ya milioni 2. Ili kuipanua, serikali ilitia sahihi mwaka 2015 mkopo wa dola za Marekani zipatazo milioni 200 kutoka Benki ya Exim ya China. Mwaka 2021 masharti ya mkopo huo yalizua mjadala mkubwa nchini, na wananchi wengi wakaelewa kwa mara ya kwanza kwamba jengo la abiria linaweza kuwa deni la watoto wao. Pamoja na hayo, Entebbe ina kazi ya kufanya: minofu ya samaki wa Ziwa Victoria, maua na abiria wa nchi nzima hupitia hapo.

Kiwanja cha Nairobi kilifunguliwa Embakasi mwaka 1958, na majengo mapya yakazinduliwa mwaka 1978. Huhudumia abiria zaidi ya milioni 8 kwa mwaka na shehena kubwa ya maua kwa njia moja tu ya kurukia. Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa wageni wanaowasili. Tukio hilo liliwakumbusha watu wote kwamba magari ya zimamoto na mabomba ya maji ni sehemu ya ubora wa kiwanja, ingawa hakuna mgeni apigaye picha ya bomba la maji.

Tanzania ilifungua Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro Desemba 1971, baina ya Moshi na Arusha, kwa mkopo wa Italia. Shabaha yake ilikuwa wazi: watalii wa Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro watue moja kwa moja nchini badala ya kupitia Nairobi. Kwa muda mrefu kilionekana kikubwa kuliko mahitaji yake, lakini mlima na wanyama hawakuhama, na wageni waliendelea kuja. Dar es Salaam nayo ilipata jengo la tatu la abiria lililozinduliwa Agosti 2019, lenye uwezo wa kupokea watu milioni 6 kwa mwaka. Addis Ababa, iliyopanua jengo lake mwaka huo huo, ilifikisha uwezo wa milioni 22, kwa kuwa shirika la ndege la Ethiopia huwaleta hapo wasafiri wa bara zima ili wabadilishe ndege. Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki huenda kununua bidhaa, ilipita abiria milioni 92 mwaka 2024.

Tarakimu hizo zikipangwa mstari mmoja, Kasese huonekana kama punje ya chumvi pembeni mwa gunia. Lakini ulinganifu wa namna hiyo haufai kitu. Addis Ababa huishi kwa wapitaji, Nairobi kwa maua na biashara, Kilimanjaro kwa mlima. Kila kiwanja kina chakula chake. Kisipokuwa nacho, hudhoofika hata kikijengwa kwa marumaru.

KIWANJA BILA MZIGO

Mfano wa karibu ni Eldoret, magharibi mwa Kenya, iliyopewa kiwanja cha kimataifa katika miaka ya 1990 wakati wa utawala wa Rais Moi. Wapinzani walidai kwamba siasa ilitangulia hesabu. Kiwanja kilifunguliwa mwaka 1997 kikiwa na njia ya karibu kilomita 3 na nusu, na ndege za mizigo zikaanza kuleta bidhaa kutoka ng'ambo. Tatizo lilikuwa safari ya kurudi: wakulima wa mahindi na ngano hawakuwa na shehena ya kupeleka kwa ndege, hivyo ndege nyingi ziliondoka tumbo tupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na ndege tupu huongeza nauli ya kila kilichokuja nayo.

Mbali zaidi, huko Sri Lanka, kiwanja cha Mattala kilifunguliwa Machi 2013 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 200, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Kilikusudiwa kupokea abiria milioni 1 kwa mwaka, lakini mashirika ya ndege yakakikimbia. Kwa kuwa kilijengwa katika makazi ya wanyama, mwaka 2016 mamia ya askari na polisi walipelekwa kuwafukuza nyati na tembo waliokuwa wakizurura. Nchini Hispania, kiwanja cha Ciudad Real kiligharimu takriban euro bilioni 1, kikafunguliwa mwaka 2008 na kufungwa mwaka 2012 kwa kukosa abiria. Kwa hiyo kosa hili si la nchi maskini peke yake, ila maskini huchelewa zaidi kulipona.

Habari ya Mattala yapasa kusomwa kwa makini Kabatoro. Hapa tembo hupita kandokando ya mji, na ziwa dogo la Munyanyange hupokea heroe na shakwe wanaohama kwa majira. Ndege wa mbuga na ndege wa chuma hawaelewani: shakwe mmoja akiingia katika injini anaweza kuhatarisha maisha ya abiria wote. Kiwanja chochote cha wilaya hii kitahitaji uzio imara na walinzi kabla ya kuhitaji maduka ya manukato.

KABATORO INALIJUA SOMO HILI

Kwa kweli wakazi wa wilaya ya Kasese hawana haja ya kwenda Hispania kujifunza. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipoacha kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, reli ilibaki bila chakula, na mwishoni mwa miaka ya 1990 treni zikaacha kuja. Vichaka vikaota juu ya mataruma.

Kabatoro nayo ina kumbukumbu yake kando ya ziwa. Kiwanda kikubwa cha chumvi kilijengwa hapo kwa ufundi wa Kijerumani, ili kazi ya majaruba ibadilike kuwa kazi ya mitambo. Ziwa halikuulizwa vya kutosha. Maji yake makali yalikula mabomba ya chuma, na kiwanda kikasimama baada ya muda mfupi. Magofu yake yangali yakiitazama kazi ile ile ya mikono ambayo kilikuja kuiondoa. Mashine zake zilikuwa za kisasa. Kasoro ilikuwa kwamba hazikupimwa kwa maji ya Katwe.

NINI KITAPAKIWA?

Basi swali la kiwanja cha Kasese lianze kwenye ghala, si kwenye ramani. Chumvi haipandi ndege: ni nzito na bei yake ni ndogo, na nauli ya anga ingezidi thamani ya gunia. Saruji pia haipandi. Mazao haya yanahitaji barabara nzuri, na pengine reli iliyofufuliwa. Lakini vanila inayolimwa kwenye miteremko ya Ruwenzori ni nyepesi na ya thamani. Kilo chache hulipa nauli yake. Watalii wa hifadhi na wapanda mlima, wenye siku chache za likizo, nao hulipa ili wasikae barabarani kutwa nzima. Na mfanyabiashara wa Bwera anayekwenda Dubai husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Entebbe kabla hajaiona ndege.

Kuna mzigo mwingine usiohesabiwa kwa fedha. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo na kuonekana Bwera, uchunguzi wa damu ulitegemea maabara ya virusi iliyoko Entebbe, upande wa pili wa nchi. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, nyumba, madaraja na Hospitali ya Kilembe viliharibiwa vibaya. Katika saa kama hizo, njia fupi ya lami inayotumika hata mvua ikinyesha, yenye taa, zimamoto na mafuta ya ndege, ina faida kuliko ukumbi mkubwa wa vioo. Ndege inayoleta dawa haihitaji kilomita 3 na nusu.

Uganda ilikwisha anza kujenga njia ndefu kama hiyo Hoima, katika bonde hili hili la ufa. Kiwanja cha Kabalega kilianza kujengwa mwaka 2018 kwa zaidi ya euro milioni 300, kwa sababu mitambo ya kiwanda cha kusafishia mafuta ni mikubwa na mizito mno kwa barabara. Hapo mzigo ulijulikana kabla ya kiwanja. Kasese haina haja ya kushindana na Hoima. Yafaa ianze na lami nzuri, uzio, vyombo vya usalama na chumba baridi cha mazao, huku ardhi ya upanuzi ikihifadhiwa na wenye mashamba wakilipwa fidia ya haki mapema. Vanila na wageni wakiongezeka, njia itaongezwa. Mwenda pole hajikwai.

Jioni Kabatoro, majaruba hung'aa meupe na lori la mwisho hufungwa turubai. Gari hilo litapitia Kikorongo na kuingia barabara ya Bwera, kama chumvi ilivyosafiri kwa karne nyingi. Ndege ya Mweya nayo itakuwa imekwisha rudi Entebbe. Vyombo viwili hivyo vinaweza kuhudumia wilaya moja bila kimoja kumnyima mwenziwe riziki, mradi wanaopanga wakumbuke kuuliza mapema kila kimoja kitabeba nini.