Kibatari Chetu na Taa ya Jua

Ndugu zetu wasomaji, si desturi yetu kuyatangaza mambo ya ndani ya nyumba yetu. Walakini jambo lililotufika lina funzo, na funzo lililofichwa halimfai mtu.

Nyumba yetu iko shamba, upande wa Pangani, na nguzo za umeme zimeishia mbali nasi. Kwa miaka mingi tulitumia kibatari cha mkebe na utambi, kitoacho moshi mweusi hata watoto wakaamka na masizi puani. Usiku mmoja wa mwaka jana, baada ya sala ya Isha, mwanetu wa miaka tisa alikuwa akidurusu masomo yake jamvini. Akasinzia, mguu wake ukakipiga kibatari, mafuta yakamwagika na jamvi likashika moto. Mama yake akauzima kwa blanketi zito. Na sisi tulifanya nini? Tulianza kumkaripia mtoto kwa uzembe wake. Mama yake akatuambia kwa upole, "Bwana, mtazame mguu kwanza." Mguu ulikuwa umebabuka. Tukaupoza kwa maji, kisha tukampeleka zahanati. Alama yake ipo hata leo.

Tulijiuliza siku nyingi: ni nani mzembe? Je, ni mtoto aliyesinzia, au ni baba aliyeuweka moto ulio wazi kando yake? Jawabu tulilijua, nalo lilituumiza.

Basi tukaazimia kukiondoa kibatari nyumbani. Tulianza na jiko, ambalo halina dirisha, na hata adhuhuri lilihitaji taa. Katika nchi ya Brazil, mjini Uberaba, fundi mmoja wa magari aitwaye Alfredo Moser alibuni mwaka 2002 njia nyepesi mno. Alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili iliyo safi, akaijaza maji, akatia dawa ya kufulia nguo nyeupe vifuniko viwili ili maji yasiote ukungu, akaipachika katika tundu la paa, nusu nje na nusu ndani. Mwanga wa jua huingia kwa juu, maji yakautawanya chumbani pande zote. Tukafanya vivyo hivyo, tukaziba kandokando kwa lami ili mvua isipenye. Jiko likang'aa. Lakini chupa haiweki akiba ya mwanga. Jua likizama, nayo huzimika.

Kwa ajili ya usiku tulikusanya vitu vilivyotupwa. Chupa ya jamu ikawa nyumba ya taa. Tochi iliyokufa ilitupa vitaa vinne vya ledi na swichi yake; redio mbovu ikatupa waya na diodi; mchezo wa watoto uliovunjika ukatupa betri tatu za kuchajiwa. Tulinunua paneli ndogo ya volti 6 na wati 1, na rizista nne, moja kwa kila kitaa, ili umeme usizidi kipimo.

Kazi yake ni hii. Mchana paneli, iliyolazwa juu ya paa, hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme na kuzijaza betri. Diodi ni kama mlango ufungukao upande mmoja tu: umeme waingia betrini, wala hauwezi kurudi katika paneli wakati wa giza. Betri hizo zina volti 1.2 kila moja; tatu zikifuatana huwa volti 3.6, nazo zatosha kuviwasha vitaa. Yapasa kuonya hapa: betri za kawaida, zisizofanywa kwa kuchajiwa, zisitiwe kabisa katika taa hii, kwani huweza kuvuja au kupasuka. Wala betri za simu kuukuu si za kuchezea. Zikichajiwa vibaya huwaka moto, na moto ndio tuliokuwa tukiukimbia.

Tulipomaliza kulehemu tukabonyeza swichi: giza tupu. Tulikagua kila kiungo, tukakasirika, tukataka kuiacha. Mwanetu aliyekuwa akituangalia akasema, "Baba, tukivigeuza je?" Kumbe vitaa tulivifunga kinyume, nao hawapitishi umeme ila kwa upande mmoja. Tukavigeuza, na chupa ya jamu ikajaa mwanga mweupe usio na moshi. Hapo ndipo tulipopata ujasiri wa kumwambia neno tuliloliahirisha: kwamba usiku ule kosa lilikuwa letu, si lake. Hakujibu kitu, alivuta kitabu chake karibu na taa, akaendelea kusoma.

Hatusemi kwamba taa hii haina upungufu. Siku ya jua kali hutupa mwanga wa saa tano au sita. Siku za masika, mawingu yakikaa, hufifia mapema, nasi hulala mapema. Lakini haichomi, wala haidai mafuta kila juma.

Enyi vijana, kabla ya kuitupa tochi mbovu au redio iliyonyamaza, ifungueni mtazame kilichomo. Na sisi wazazi, tukipatwa na msiba nyumbani, tumtazame mtoto kwanza. Lawama ina wakati wake, na pengine ni yetu wenyewe. Alhamdulillahi, kibatari chetu sasa ni kopo la kupandia mche wa mpilipili.